Tuma Hata Likiwa Bovu

Aziza wangu,

Ukizikuta karatasi hizi ndani ya sanduku lako la safari, chini ya ile kanga ya kijani, ujue nimeziweka mchana huu wa Jumapili, wakati we umekwenda Ruziba kumuaga bibi yako. Nimekaa kwenye meza tunayolia chakula, cherehani nimeisogeza ukutani, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Watoto wa jirani wanapiga mpira kwenye ukuta wetu. Leo siwagombezi.

Habari za kula vizuri, za kufunga mlango, za nani usipande pikipiki yake, hizo umezisikia kwangu miaka kumi na tisa na unaweza kunisomea wewe. Sitazirudia. Nataka nikuambie kitu kimoja ambacho nimeshindwa kukisema miezi hii yote tuliyolala chumba kimoja, kila mtu amegeukia ukuta wake. Kosa lililokurudisha nyumbani ni langu. Nililianza mimi kabla hujazaliwa.

Usicheke. Au cheka, lakini soma.

Uliporudi mwezi wa pili ulisema, "Likizo, mama." Nikafurahi kama mjinga, nikakushonea gauni. Wiki ya tatu, mwenye duka la kona akaniuliza mbele ya watu, "Mama Aziza, hii likizo ya mutoto wako haina mwisho? Chuo kilifungwa ao ni yeye alifungwa?" Nikamjibu kwa ukali kwamba Morogoro mambo si kama huku. Lakini nilikuwa nimeshaona. Simu yako ilikuwa inalala kifudifudi siku nzima. Ukisikia hodi, unaingia bafuni. Nyumba yetu ina vyumba viwili tu, na bado ulipata namna ya kupotea ndani yake.

Halafu siku ile nikafua begi lako. Nilitoa vitu vilivyokuwa ndani, nikakuta madaftari mawili makubwa yamejaa mpaka jalada la nyuma. Yale maneno ya Kiingereza na zile alama zenu sizijui, lakini mwandiko naujua. Ukurasa wa kwanza kazi imeandikwa na kufutwafutwa. Ukurasa wa pili kazi ileile, imefutwa kidogo. Wa tatu ileile tena, safi kabisa, na mistari imepigwa kwa rula. Nikasema hapa kamaliza. Nikafunua wa nne: ileile, umeanza upya.

Nikakuletea nje, mikono yangu bado ina povu.

"Hii ni nini?"

"Bruyo, ya kujaribia."

"Na safi iko wapi?"

Ukaangalia chini. "Sikufika kwa safi, mama. Ilikuwa imebaki kidogo."

"Kidogo cha miezi minne?"

"Mama, acha."

Sikuacha, unanijua. Mpaka ukachukua simu, ukanionyesha. Nilidhani nitaona alama mbaya, sifuri ya wino mwekundu. Badala yake nikaona kitu kama ramani ya kijiji, na njia inapanda mlimani, na vichwa vidogo vya wenzako wamesimama juu huko, mmoja mmoja. Ukanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake. Kwamba mwalimu wenu aliipanga kozi hiyo ya kompyuta kama mchezo wa simu. Kwamba kila mtu anaanza chini kabisa na pointi sifuri, hakuna aliyepewa alama ambazo anaweza kunyang'anywa. Kwamba kazi mnaiita misheni, unaituma, mashine inakuambia hapa pamevunjika, unatengeneza, unatuma tena, hata mara ishirini. Kwamba hata jaribio lililovunjika linapata pointi mbili tatu kwa kuwa umejaribu. Na mwisho wa kila nivo, kila ngazi, kuna jitu la kupigana nalo, yaani mtihani, likikuangusha unapumzika, unarudi. Nivo ziko kumi na mbili. Anayefika ya nane amefaulu.

Nikauliza, "Basi hamuanguki?"

"Tunaanguka kila siku, mama. Kozi ndiyo hiyo."

"Na we uko wapi?"

Ukashusha ramani kwa kidole, ukashusha, ukashusha. Chini kabisa, karibu na geti, kichwa kimoja peke yake. Nivo ya kwanza, pointi sifuri, majaribio sifuri. Hukushindwa, Aziza. Hukuingia. Na pembeni pale palikuwa na ujumbe wa mwalimu, mmoja, umerudiwa mara saba, nikakulazimisha unitafsirie: "Bado sijaona jaribio lako la kwanza. Tuma hata likiwa bovu."

Nikacheka. Najua kicheko kile kilikukata, uliinuka ukaingia ndani na hukula siku hiyo. Ndicho hasa ninachotaka kukieleza. Sikukucheka wewe. Nilikuwa nimemwona mtu ninayemjua.

Mi nilisoma kwa mwalimu mmoja wa darasa la sita aliyekuwa anatembea na rula katikati ya madawati. Kila mtu alikuwa na vitu viwili: bruyo kushoto, ya kuandikia ovyo, na kopi kulia, ya kuandikia safi. Neno moja likifutwa kwenye kopi, pointi inakatwa hata kama jibu ni sahihi. Wengine walilia. Mi nilikuwa malkia. Daftari langu lilipelekwa darasa la tano waone. Nilikuwa napiga mistari chini ya majibu kwa rangi mbili, na ninakumbuka raha yake mpaka leo, kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Siku ya konkuru, ule mtihani wa mwisho wa kutupeleka sekondari, hesabu nilizimaliza zote kwenye bruyo kabla ya wenzangu. Zote, na zilikuwa sawa. Nikaanza kunakili. Nikafika karibu na nusu, biki ikatoa tone la wino. Tone dogo, kama punje ya mtama. Mtu mwingine angeendelea. Mi nikanyoosha mkono, nikaomba kopi nyingine, nikaanza tena juu kabisa, jina, shule, mstari, rangi. Waliposema biki chini, kwenye kopi yangu kulikuwa na majibu manne.

Nikainua bruyo. "Mwalimu, majibu iko hapa! Yote iko hapa!"

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Aliangalia, akaona ni kweli. Akasema polepole, "Bruyo haisahihishwi, mutoto." Akazikusanya bruyo za darasa zima, akazitia kwenye katoni karibu na mlango.

Watu wote wa familia wanajua kwamba konkuru ilinifukuza shule. Hata we nimekuambia hivyo. Si kweli. Mkuu wa shule alimwita bibi yako, akamwambia nafasi ya kurudia iko, aje mwezi wa tisa. Nafasi ilikuwepo. Mimi nikamwambia bibi yako kwamba nimechoka na shule, nataka kushona. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mizuri, akaamini. Ukweli ni kwamba sikutaka wasichana wa nyuma yangu, wale walioonyeshwa daftari langu, wanione nakaa nao dawati moja. Hakuna aliyenitoa. Mlango niliufunga mimi, nikakaa nyuma yake, nikasema nimefungiwa.

Basi ukazaliwa wewe, mi nikiwa na miaka kumi na minane, baba yako ameshavuka kwenda Zambia. Nikasema huyu hatapata yaliyonipata. Na nikafanya nini? Nikakununulia madaftari mawili. Ulikuwa na miaka saba, kwenye meza hii hii, ulijumlisha ukakosea, ukafuta kwa mstari, ukaandika jibu sahihi pembeni. Jibu sahihi, Aziza! Nikachana ukurasa. Ulilia mpaka ukatapika. Nikakuambia, "Kitu chenye kufutwa hakitoki humu ndani." Nilifikiri nakufundisha kuwa mwepesi, unakili haraka kuliko mimi, ili siku yako wino usikukute katikati. Sikufikiri hata siku moja kwamba ubaya ulikuwa kwenye kunakili kwenyewe.

Ukanitii. Hicho ndicho kinachoniuma. Wewe si mvivu, na watu wakisema uvivu usikubali. Ulikaa Morogoro miezi minne ukifanya kazi usiku na mchana, na kitu chenye kufutwa hakikutoka chumbani mwako.

Unakumbuka simu ya mjomba wako, ulipokuwa darasa la sita? Kulikuwa na mchezo wa kamtu kanakoruka mashimo. Ulinipa nijaribu. Nikakatembeza vizuri mpaka ukingoni mwa shimo la kwanza, nikasimama.

"Ruka, mama!"

"Kataanguka."

"Kakianguka kanarudi! Ruka!"

"Ngoja nikaangalie kwanza."

Sikujua kwamba muda unahesabiwa juu pale kwenye kona. Mchezo ukaisha wenyewe. Ulicheka mpaka kwikwi ikakushika. "Mama, umekufa kwa kusimama! Mi sijaona mutu anakufa kwa kusimama!" Nilikwenda nikaisimulia kazini kama kichekesho.

Kazini kwenyewe unapajua, lakini kuna jambo hulijui. Miaka kumi na mitano niko mtaa wa Asiatique kwa fundi Jumaine, na miaka kumi na mitano natia zipu, napinda pindo, nashona vifungo. Kukata ni kwa fundi mwenyewe na wale wanaume wawili. Mwenye mkasi ndiye ambaye wateja wanamuulizia kwa jina. Wewe ulidhani hawaniachii kwa sababu ni mwanamke. Nilikuacha udhani. Zile karatasi za mifuko ya simenti chini ya kitanda, ulizokuwa unajifunika ukiwa mdogo ukijifanya bibi harusi, ni gauni zangu. Nilizikata zote mwenyewe, mikono, shingo, viuno, nyingine ni nzuri kuliko za fundi. Za karatasi. Na fundi alikuwa ananiita, si mara moja.

"Mama Aziza, siku moja ulete mkono huu mezani, ukate."

"Bado, fundi. Kuna kitu nakinyoosha."

"Unanyoosha tangu mutoto hajaanza shule! Sasa huyo anaota ndevu."

"Ni msichana, fundi."

"Basi ataota zako."

Wanaume wanacheka, nacheka nao, narudi kwenye zipu.

Wiki ile niliyokuta madaftari yako, nilishindwa kukaa. Nikaenda asubuhi, nikamwambia fundi Jumaine, "Leo nakata." Akanitazama sana, akanipa. Ilikuwa satini ya rangi ya zabibu, ya shangazi wa bibi harusi. Nikaweka karatasi yangu ya mkono juu ya kitambaa, ile niliyoirekebisha miaka, nikachora, nikakata. Nikaihamisha, nikachora tena, nikakata. Safi. Hakuna hata uzi uliochomoza.

Fundi akaokota ile mikono miwili, akaigeuza upande wa kung'aa, akaipandisha juu. "Jamani! Huyu shangazi mikono yake yote iko kushoto?"

Atelye nzima ya ushonaji ilipasuka kwa kicheko. Nilikuwa nimesahau kupindua karatasi. Satini ina uso na mgongo, Aziza, na karatasi ya simenti haina. Miaka yote ile niliyokuwa nanyoosha, hilo lisingenifikia kamwe, hata ningenyoosha miaka mia, kwa sababu karatasi haikuwa na namna ya kuniambia.

Ningependa niandike kwamba mambo yaliisha vizuri. Satini ya rangi ile haikupatikana tena, mikono ikawekwa ya rangi nyingine, yule mama akavaa harusini kwa hasira, na mpaka leo akinikuta njiani anageuza uso. Fundi akaniambia kwa upole, "Rudi kwenye zipu kwanza." Ile kwanza sijui ni ya muda gani. Bado niko kwenye zipu. Kesho nikitoka kukusindikiza kwenye basi, nakwenda kwenye zipu.

Kwa hiyo sikuambii kwamba uoga ni ujinga. Satini ikikatwa imekatwa, na ilikuwa ni sherehe ya mtu. Konkuru yangu pia ilikuwa na wino wa kweli. Ninachokuambia ni kwamba kuna mtu, mwalimu wenu huyo ambaye sitamjua, alikaa akafikiri, akatengeneza mahali ambapo ukikata vibaya hakuna shangazi anayelia. Nikiliwaza hilo wivu unanishika, mi mama yako, nakuonea wivu wewe. Ningepewa mahali kama hapo nilipokuwa msichana, hata mwezi mmoja tu, sijui ningekuwa nani. Umeniambia kozi nyingine huko ni mitihani kama ya kwetu, biki chini na basi. Sawa. Hizo utazikuta. Lakini hii moja imefunguliwa tena kwa ajili yako, wamekukubali uanze upya na wenzako wapya, na kichwa chako kiko pale getini kinangoja.

Sasa nifike kwa siku ya Ijumaa. Uliniambia ramani imefunguka, na misheni ya kwanza ni ndogo: ujieleze kwa mistari mitano, na uitume pamoja na programu fupi ya kusema salamu. Nikafurahi. Baada ya saa moja nikapita na ndoo, nikakuona kitandani, magoti yamekunjwa, unaandika kwenye daftari. Nikapita tena. Ulikuwa unaiandika mara ya tatu.

"Umetuma?"

"Imebaki kidogo, mama."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndoo. Nilitaka kukunyang'anya simu nibonyeze mwenyewe, na ningebonyeza mahali pasipo sahihi. Nilitaka kupiga kelele. Nikatoka nje, nikaanza kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Nilikuwa nimekwama pale kwenye kamba, mwanangu, kabisa. Nikikuamrisha tuma, utatuma kwa kunitii, na kunitii ndiko kulikokufikisha hapa. Nikinyamaza, nakuachia daftari la tatu lijae. Tangu Ijumaa sijapata njia ya kutokea. Jana tulikula tunaongea habari za samaki, kama vile hakuna kitu.

Hata sasa sijui kama umetuma. Sikuangalia simu yako, ingawa uliiacha inachaji na nambari ya siri naijua.

Njia niliyoipata ni hii tu, na huenda haitoshi. Nakuomba, sikuamrishi. Ukifika nivo ya nane, usinipigie simu kwa haraka. Habari nzuri zinafika zenyewe. Nipigie siku ile mashine itakapokukatalia mara ya kwanza. Siku hiyohiyo, usingoje jioni, usingoje mpaka umetengeneza. Kama niko kazini nitaweka nguo chini na kupokea. Uniambie umekosea wapi, kwa hayo maneno yenu, sitaelewa hata moja, nitasikiliza yote.

Halafu nitafunga kazi mapema. Nitapika pilau, nitaitia kwenye bakuli la kifuniko, nitapanda basi mpaka Ruziba kwa bibi yako. Ataniuliza, unamjua, hawezi kupokea chakula bila kuuliza: "Leo iko nini?" Nitamwambia, mjukuu wako amekosea, na amekosea mbele ya watu. Atashangaa, ataacha kijiko. Na akiwa bado anashangaa hivyo, kabla sijapata muda wa kunyoosha maneno, nitamwambia na mimi kwamba ile nafasi ya kurudia darasa nilikuwa naitaka.

Mama yako anayekupenda,
Mama Aziza